Jeshi la Kisasa Hupigana kwa Hesabu Pia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa kambi moja walikuwa na taabu kila siku. Wakisha kula, walipanga mstari mrefu ili waoshe vyombo vyao. Kulikuwa na makarai manne makubwa ya maji. Mawili yalikuwa ya kuoshea kwa sabuni. Mawili yalikuwa ya kusuuzia. Askari walisimama, wakasubiri, wakanung'unika.

Akafika mtafiti mmoja kambini. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Hakutoa amri yoyote. Alitazama tu na kupima muda. Akaona kuwa kuosha chombo kunachukua muda mara tatu zaidi ya kukisuuza. Basi akashauri kwamba makarai matatu yawe ya kuoshea, na moja liwe la kusuuzia. Wakafanya hivyo. Tangu siku hiyo mstari ukaisha. Siku nyingi haukuonekana hata kidogo.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya jambo hili. Hakuna karai jipya lililonunuliwa. Hakuna askari aliyeongezwa. Kilichoongezwa ni akili ya kutazama, kupima na kuuliza. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa utafiti.

Watu wengi wakisikia neno "jeshi" hufikiri juu ya bunduki, vifaru na ndege za vita. Ni kweli kwamba jeshi linahitaji silaha. Lakini jeshi la kisasa linahitaji pia watu wa kufikiri. Katika makala hii tutaona jinsi watafiti wachache walivyosaidia kushinda vita kubwa ya baharini. Tutaona pia kwamba kazi yao isingewezekana bila askari wa kawaida waliojua kuandika.

MBINU NA MKAKATI

Kwanza tuelewe maneno mawili.

Mbinu ni namna ya kupigana pambano moja. Kwa mfano, tumshambulie adui usiku au mchana? Tupite bondeni au mlimani?

Mkakati ni mpango mkubwa wa vita nzima. Kwa mfano, tunataka nini katika vita hii? Nguvu zetu ni chache, basi tuziweke wapi? Tukifanya hili leo, mwaka ujao tutakuwa na nini?

Mkulima anafahamu tofauti hiyo. Namna ya kushika jembe na kupalilia ni mbinu. Kuamua shamba gani lilimwe mtama, shamba gani lilimwe pamba, na akiba gani iwekwe ghalani, huo ni mkakati. Mtu anaweza kupalilia vizuri sana na bado akafa njaa, kama alipanda kisichofaa.

VITA YA CHAKULA

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza Septemba 1939. Uingereza ilikuwa ikipigana na Ujerumani. Uingereza ni kisiwa. Chakula chake kingi kilitoka nchi za mbali kwa meli. Mafuta ya magari na ndege pia yalikuja kwa meli. Meli zikizuiwa, watu wangekosa mkate na ndege zisingeruka.

Wajerumani walijua hayo. Basi wakatuma nyambizi nyingi baharini. Nyambizi ni meli ya vita inayoweza kuzama na kwenda chini ya maji. Nyambizi hutumia silaha iitwayo topido. Topido ni bomu refu linalojisukuma lenyewe majini mpaka ligonge meli.

Mwaka 1942 ulikuwa mbaya sana. Katika mwaka huo mmoja, nyambizi zilizamisha meli zaidi ya 1,000 katika bahari mbalimbali za dunia. Maelfu ya mabaharia walikufa. Wengine waliungua kwa mafuta. Wengine walikufa kwa baridi katika maji. Meli zilikuwa zinazamishwa haraka, na kujenga meli mpya ni kazi ndefu.

Wakuu wa jeshi walitaka meli zaidi na ndege zaidi. Lakini hazikuwepo za kutosha. Basi swali likawa hili: tutafanyaje ili vichache tulivyo navyo vifanye kazi kubwa zaidi?

WATAALAMU WALIOCHANGANYIKA

Mmoja wa watu walioitwa kulijibu swali hilo ni Patrick Blackett. Alikuwa mwalimu wa sayansi katika chuo kikuu. Lakini alipokuwa kijana alikuwa baharia wa kivita, na alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo aliyajua maisha ya askari na aliijua sayansi. Mwaka 1948, baada ya vita, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya sayansi.

Mwaka 1940 Blackett alianza kwa kuwasaidia askari wa mizinga ya kutungulia ndege. Alikusanya watu 11 wa elimu mbalimbali. Watatu walikuwa wataalamu wa mwili wa binadamu na wanyama. Mmoja alikuwa mtaalamu wa nyota. Mmoja alikuwa mpima ardhi. Mmoja alikuwa ofisa wa jeshi. Wengine walikuwa wataalamu wa hesabu na fizikia. Watu waliwatania kwa kuwaita "sarakasi ya Blackett".

Mtu anaweza kuuliza, mtaalamu wa nyota anajua nini juu ya mizinga? Jibu ni kwamba hakuletwa kwa sababu ya mizinga. Aliletwa kwa sababu amezoea kutazama kwa makini, kuandika anachoona, na kutokubali jambo bila ushahidi. Tena mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji ameacha kuyauliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1940 mizinga ilifyatua risasi kama 20,000 kwa kila ndege moja ya adui iliyoanguka. Mwaka 1941 zilihitajika risasi kama 4,000 tu. Vifaa vipya vya rada vilikuwepo, lakini askari walikuwa hawajajua kuvitumia vizuri pamoja na mizinga yao. Watafiti walikwenda huko huko kwenye mizinga, wakaona matatizo, wakasaidia kuyaondoa.

BOMU LILILOLIPUKA CHINI MNO

Baadaye Blackett na wenzake wakaingia katika vita ya nyambizi.

Ndege za Waingereza zilikuwa zikitafuta nyambizi baharini. Rubani akiiona nyambizi juu ya maji, aliishambulia kwa mabomu maalumu. Mabomu hayo huzama kwanza, kisha hulipuka chini ya maji. Kina cha kulipuka hupangwa kabla. Wakati huo kilipangwa kuwa futi 100, yaani kama mita 30.

Kwa nini futi 100? Wakuu walifikiri hivi: "Nyambizi itaiona ndege yetu mapema, kama dakika mbili kabla hatujafika. Katika dakika mbili itakuwa imezama kama futi 100. Basi bomu lilipuke hapo." Maneno hayo yanaonekana kuwa ya busara. Lakini nyambizi nyingi zilishambuliwa zikaponyoka.

Mtafiti mmoja, Evan James Williams, alizisoma taarifa za marubani kwa makini mwaka 1941. Akaona kosa.

Nyambizi iliyoiona ndege mapema ilikuwa imekwisha zama na kugeuka. Rubani hakujua iko wapi, kulia au kushoto. Alitupa bomu kwa kubahatisha. Hapo hakuna kina kitakachomsaidia.

Nyambizi iliyochelewa kuiona ndege ilikuwa bado juu ya maji, au ndiyo kwanza inaanza kuzama. Rubani aliiona wazi. Aliweza kulitupa bomu karibu nayo kabisa. Lakini bomu lilizama mita 30 kabla ya kulipuka, na bomu hilo liliweza kuvunja nyambizi iliyo umbali wa kama mita 6 tu. Basi nyambizi iliponea chupuchupu.

Mvuvi wa mkuki anaelewa jambo hili. Samaki aliyekwisha kimbilia kilindini hujui yuko wapi. Huna haja ya kupoteza mkuki kwa ajili yake. Mpige yule unayemwona.

Williams akashauri bomu lilipuke karibu na uso wa maji, futi 25 tu, yaani chini ya mita 8. Kina kilipunguzwa hatua kwa hatua mpaka kikafika hapo. Nyambizi nyingi zaidi zikaanza kuvunjwa. Mabaharia wa Kijerumani waliotekwa walidhani kwamba Waingereza wametengeneza bomu jipya lenye nguvu mara mbili. Kumbe bomu lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni namba moja tu.

NDEGE ZIKAPAKWA RANGI NYEUPE

Tatizo jingine lilikuwa hili: nyambizi ziliziona ndege mapema mno. Kwa nini?

Watafiti wakauliza swali ambalo hata mtoto angeweza kuuliza. Ndege zetu zina rangi gani? Wakajibiwa kuwa nyingi ni nyeusi. Zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya kushambulia usiku, na rangi nyeusi huzificha gizani. Lakini sasa zilifanya kazi mchana, juu ya bahari, mahali ambapo mawingu ni mengi. Ndege nyeusi ilionekana wazi kama nzi ndani ya bakuli la maziwa.

Mtazame shakwe, yule ndege avuaye samaki baharini na ziwani. Tumbo lake ni jeupe. Samaki akitazama juu hamtambui upesi.

Ndege zikapakwa rangi nyeupe na kujaribiwa. Ikaonekana kuwa ndege nyeupe hutambuliwa ikiwa karibu zaidi. Umbali ulipungua kwa sehemu moja ya tano. Kwa nyambizi inayotaka kuzama upesi, tofauti hiyo ni kubwa. Gharama yake ilikuwa mikebe ya rangi tu.

BOMA KUBWA NA BOMA DOGO

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote.

Meli za mizigo hazikusafiri moja moja. Zilikwenda kwa misafara. Msafara ni kundi la meli zinazosafiri pamoja, na manowari za kuzilinda huzizunguka pande zote. Ni kama ng'ombe walio katikati, na wachungaji wenye mikuki pembeni.

Je, msafara uwe mkubwa au mdogo? Wakuu wa majeshi ya majini walipenda misafara midogo. Walisema, "Meli zikiwa nyingi mahali pamoja, adui atapata za kupiga kwa urahisi." Waliona kuwa meli kama 40 zinatosha. Msafara wa zaidi ya meli 60 ulikatazwa.

Watafiti wakachukua taarifa za misafara ya miaka miwili iliyopita. Wakahesabu. Katika misafara midogo, yenye wastani wa meli 32, zilizamishwa meli 25 katika kila meli 1,000. Katika misafara mikubwa, yenye wastani wa meli 54, zilizamishwa meli 11 tu katika kila meli 1,000.

Maana yake, misafara mikubwa ilikuwa salama zaidi. Lakini kwa nini? Watafiti hawakutaka kuamini namba tu. Walitafuta sababu. Waliona mambo matatu.

Jambo la kwanza, bahari ni kubwa mno. Nyambizi kuona msafara ni bahati. Msafara mkubwa hauonekani kwa urahisi zaidi sana kuliko mdogo. Na misafara ikiwa mikubwa, idadi yake inakuwa ndogo. Basi nafasi za kuonekana zinapungua.

Jambo la pili ni la ulinzi. Hili unaweza kulipima mwenyewe uwanjani, kwa hatua zako. Chora boma la mraba lenye hatua 10 kila upande. Ua wake ni hatua 40. Sasa chora boma la hatua 20 kila upande. Ua wake ni hatua 80, yaani umeongezeka mara mbili. Lakini nafasi ya ndani imeongezeka mara nne! Boma la kwanza likichukua ng'ombe 25, la pili litachukua ng'ombe 100. Umeongeza miiba mara mbili, ukapata ng'ombe mara nne. Ndivyo ilivyo kwa meli. Manowari za ulinzi hukaa mbali kidogo na meli za mizigo. Kwa hiyo mzunguko wa msafara wa meli 80 ulizidi ule wa meli 40 kwa sehemu moja ya saba tu. Walinzi wachache wangeweza kulinda meli nyingi.

Jambo la tatu, nyambizi iliyofaulu kupenya ndani ya msafara ina topido chache, tena ina muda mfupi kabla haijafukuzwa. Itazamisha meli kadhaa tu, msafara uwe mkubwa au mdogo. Simba akiingia bomani hamli kila ng'ombe. Akichukua ng'ombe mmoja kati ya 20, hasara ni kubwa. Akichukua mmoja kati ya 100, hasara ni ndogo.

Hata hivyo, kutoa ushauri huo hakukuwa kazi rahisi. Maisha ya mabaharia wengi yalikuwa mikononi mwao. Wakikosea, watu wangekufa kwa ajili ya hesabu yao. Blackett alieleza baadaye kuwa ilibidi wajiulize kama wanaiamini kweli kazi yao wenyewe. Yeye alijipima kwa swali hili: kama watoto wangu wangevuka bahari hiyo ya hatari, ningewapandisha katika msafara upi? Akaona kuwa angewapandisha katika msafara mkubwa. Ndipo walipotoa ushauri.

Mwaka 1943 misafara ikaanza kuongezwa ukubwa. Julai 1944, msafara wa meli zaidi ya 160 ulitoka New York kwenda Uingereza. Hakuna hata meli moja iliyozamishwa njiani.

MATUNDU YASIYOONEKANA

Huko Marekani nako watafiti walikuwa kazini. Mmoja wao ni Abraham Wald, mtaalamu wa hesabu aliyekimbia kutoka Ulaya mwaka 1938 kwa sababu Wayahudi walikuwa wakiteswa.

Ndege za vita zilirudi zikiwa na matundu ya risasi. Jeshi lilitaka kujua ni wapi ndege iongezewe bamba la chuma. Chuma ni kizito. Huwezi kuweka kila mahali, ndege haitaruka.

Mtu wa haraka angesema: "Weka chuma palipo na matundu mengi." Lakini mwaka 1943 Wald alionyesha kwa hesabu kuwa ndivyo sivyo. Ndege tunazozikagua ni zile zilizorudi. Palipo na matundu mengi ni mahali ambapo ndege ikipigwa bado inaweza kurudi. Palipo na matundu machache, kama kwenye injini, ndipo pa kuogopa. Ndege zilizopigwa hapo hazikurudi. Hazipo uwanjani ili tuzikague.

Chukua mfano wa ng'ombe waliovamiwa na simba. Waliorudi nyumbani wana majeraha mapajani. Hakuna hata mmoja mwenye jeraha shingoni. Je, tuseme simba haumi shingo? La. Walioumwa shingo hawakurudi.

Hili ni fundisho kubwa kwa kila mtu. Unapohesabu ulivyo navyo mbele yako, jiulize pia juu ya vile ambavyo havikufika mbele yako.

VIJANA WA AFRIKA MASHARIKI BAHARINI

Mtu asifikiri kuwa mambo haya yalikuwa ya Wazungu peke yao. Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walichukuliwa katika vita hiyo. Wengi walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Walisafiri kwa misafara ya meli.

Februari 1944 msafara mmoja ulitoka bandari ya Kilindini, Mombasa. Ulikuwa na meli tano za kuchukua askari, pamoja na manowari za ulinzi. Ulikuwa unakwenda Colombo, katika nchi ambayo sasa inaitwa Sri Lanka. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani ilipenya, ikapiga meli iitwayo Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli hiyo ilizama kwa dakika chache tu. Ndani yake walikuwemo watu zaidi ya 1,500. Waliokufa ni 1,297. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Walikuwemo pia wauguzi wanawake.

Manowari za ulinzi ziliiwinda nyambizi hiyo na kuizamisha siku ile ile. Meli nyingine nne zilifika salama.

Tukumbuke jambo hili kila tunaposoma habari za hesabu za vita. Msafara ulipunguza hatari, lakini haukuimaliza. Utafiti hauifanyi vita kuwa kitu chema. Na kila namba iliyoandikwa katika makala hii ni watu. Waliokuwa wakiwangoja ni wazazi, wake na watoto wao.

NDEGE MOJA, KAZI MBILI

Mpaka sasa tumezungumza zaidi juu ya mbinu. Sasa tuutazame mkakati.

Uingereza ilikuwa na ndege kubwa chache zinazoweza kuruka mbali sana. Ndege hizo zingeweza kufanya moja ya kazi mbili. Zingeweza kwenda kupiga miji ya Ujerumani kwa mabomu. Au zingeweza kulinda misafara katikati ya bahari ya Atlantiki, mahali ambapo ndege nyingine hazikufika.

Wakuu wengi walitaka zipige miji. Blackett alipiga hesabu. Ndege moja kubwa, ikilinda misafara, huokoa meli kama sita katika maisha yake yote, yaani safari kama 30. Ndege hiyo hiyo ikitumwa kupiga mji wa Berlin, itaangusha mabomu yasiyofika tani 100, itaua watu kama dazeni mbili, wanaume, wanawake na watoto, na kubomoa nyumba kadhaa. Blackett akauliza, ni kazi ipi itakayosaidia zaidi kushinda vita?

Hakusikilizwa mara moja. Mwaka 1942 ushauri wake juu ya kupiga miji ulikataliwa, na ndege nyingi ziliendelea kutumwa huko. Mtafiti hana amri. Yeye hushauri, na mkuu ndiye huamua. Lakini mkuu asiyetaka kusikia hesabu isiyompendeza huwalipisha askari wake gharama hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1943 hali ya baharini ikawa mbaya sana. Hapo ndege zaidi za masafa marefu zikatolewa kulinda misafara. Mwezi Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41 katika mwezi mmoja. Mkuu wao wa majini, Dönitz, akaziondoa nyambizi zake kwenye njia kuu za Atlantiki ya Kaskazini.

Ushindi huo haukuletwa na hesabu peke yake. Kulikuwa na rada bora zaidi. Kulikuwa na wataalamu waliosoma simu za siri za adui. Kulikuwa na manowari mpya. Zaidi ya yote, kulikuwa na mabaharia waliokubali kurudi baharini baada ya wenzao kuzama. Lakini utafiti ulisaidia nguvu hizo zote zifanye kazi mahali panapofaa.

KALAMU YA ASKARI MDOGO

Watafiti hao walipata wapi namba zao? Walizipata kwa askari wa kawaida.

Kila rubani aliporudi aliandika taarifa. Aliandika saa ngapi aliiona nyambizi, ilikuwa umbali gani, na kama ilikuwa juu ya maji au imezama. Kama ilikuwa imezama, aliandika sekunde ngapi zilipita kabla hajatupa mabomu. Walinzi wa misafara nao waliandika: meli ngapi zimetoka, ngapi zimefika, ngapi hazikufika.

Fikiri kama rubani mmoja angeandika uongo ili asifiwe. Fikiri kama mwingine asingeandika kitu. Hesabu yote ingeharibika, na ushauri ungekuwa mbaya. Daftari la kweli la askari mdogo liliokoa watu wengi ambao yeye mwenyewe hakuwajua. Kwa hiyo katika jeshi la kisasa kusoma, kuandika na kuhesabu ni sehemu ya ulinzi.

Baada ya vita, nchi nyingi ziliendeleza kazi hii. Hapa kwetu Tanzania, Jeshi la Wananchi lilianzishwa mwaka 1964. Huko Nyumbu, Kibaha, liko shirika la teknolojia ya magari lililo chini ya jeshi, ambako mafundi wetu walibuni lori liitwalo Nyumbu. Mwaka 2012 kilianza Chuo cha Ulinzi wa Taifa huko Kunduchi, Dar es Salaam. Katika chuo hicho maofisa wa jeshi na watumishi wa serikali wasio askari husoma pamoja mambo ya mkakati. Hilo ni jambo la maana, kwa sababu ulinzi wa nchi hautegemei kambi za jeshi tu. Unategemea pia chakula, barabara, afya na elimu ya wananchi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mbinu na mkakati vina tofauti gani? Toeni mfano kutoka shambani kwenu.

2. Pimeni uwanjani boma la hatua 10 na boma la hatua 30 kila upande. Ua umeongezeka mara ngapi? Nafasi ya ndani imeongezeka mara ngapi?

3. Katika kijiji chenu kuna mstari gani mrefu: kisimani, mashineni au zahanati? Nani anaweza kuutazama kwa siku saba, na kuandika kila siku watu wangapi wamesubiri na kwa muda gani?

4. Watu wanaokuja kwenye mkutano wa kijiji husema shida zao. Je, wale wasioweza kufika ni akina nani, na shida zao ni zipi?